Mfadhili Akiondoka, Nani Atautunza Mtambo wa Zahanati?

Wiki ya mwisho ya Januari mwaka 2025 nilipigiwa simu na muuguzi msimamizi wa kituo kimoja cha afya hapa Kaunti ya Kilifi, ambako niliwahi kufanya kazi nikiwa karani wa data. Mama huyu hupenda kuulizia kwanza watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Siku hiyo hakuulizia yeyote.

"Mwanangu, wale vijana wa kompyuta wameambiwa wakae nyumbani. Umeme upo, kompyuta yawaka, lakini mtambo wakataa kufunguka. Wagonjwa wamejaa hapa nje. Tufanyeje?"

Vijana aliowataja walikuwa wakilipwa na mradi wa wafadhili. Tarehe 20 mwezi huo Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye maagizo ya kusitisha kazi yakateremka hadi kliniki za HIV za mashinani. Uamuzi ulifanyika Washington, na wiki hiyo hiyo karani wa kituo chetu akarudi kwao.

Tulikaa kwenye simu saa moja na nusu, mimi nikisoma maagizo na yeye akiandika herufi moja moja. Hatimaye tukagundua kwamba diski ya kompyuta ilikuwa imejaa nakala za akiba ambazo hakuna aliyezifuta tangu katikati ya mwaka uliotangulia. Tukahamisha za zamani kwenye diski ya nje, tukawasha upya, na kabla ya adhuhuri orodha ya wagonjwa ikarudi.

Nataka msomaji ajue kwa nini niliweza kumsaidia. Kompyuta sikuisomea chuo kikuu. Tatizo hilo hilo lilikuwa limempata mtu wa nchi nyingine miaka miwili nyuma, akaliandika hadharani, na mimi nilikuwa mmoja wa watu waliosaidia kuandika maelezo ya kulitatua. Programu ile ni huria. Nimekuwa nikiichangia tangu mwaka 2016, jioni baada ya kazi, bila malipo. Leo nataka tuzungumzie kazi ya namna hiyo, kwa sababu nadhani kaunti zetu sita za Pwani zinaitegemea kuliko zinavyojua.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumpa mwingine. Mfano wake kwetu ni kisima cha mtaa. Aliyekichimba hatozi mtu, na anayeteka haulizwi ni wa ukoo gani. Lakini kisima hutaka mtu wa kuzibua, kubadilisha kamba na kuangalia mtoto asitumbukie. Kisipopata watu hao, baada ya miaka michache kinabaki shimo.

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya Wazungu na sisi ni watekaji tu. Historia inasema vingine. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, kulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, mmoja wa mifumo ya mwanzo ya aina yake katika kituo cha mashambani barani Afrika. Mwaka 2004 madaktari kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa mpango wa AMPATH mjini Eldoret, waliona kwamba mfumo mdogo hautaweza kubeba wimbi la wagonjwa wa HIV. Ndipo ikazaliwa OpenMRS, na Februari 2006 ikaanza kufanya kazi Eldoret. Kwa hivyo programu ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani ilipata miguu yake hapa Kenya.

KenyaEMR, ambayo wahudumu wengi wa kliniki za HIV Mombasa, Kwale na Kilifi wanaijua, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo, kwa kiasi kikubwa kwa fedha za Wamarekani. Takwimu ambazo vituo hutuma kwa Wizara ya Afya kila mwezi, za chanjo, uzazi, malaria na kadhalika, hupita kwenye DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo inatumika katika zaidi ya nchi 70. Kenya ilipoisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Na tusisahau Ushahidi, iliyoandikwa na Wakenya kwa siku chache Januari 2008 ili kuonyesha kwenye ramani ghasia za baada ya uchaguzi, kisha ikatumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Basi swali kwetu ni nani anabaki kuitunza mitambo hii mradi unapofungwa. Ili kulijibu, inafaa kujua kazi ya mchangiaji wa muda mrefu ikoje.

Mimi niliingia kwa hasira. Mapema mwaka 2016 mama mmoja alipigiwa simu na kituo chetu aje haraka, mtoto wake amekosa chanjo ya surua. Akapanda bodaboda shilingi 300, akafika na kitoto cha miezi miwili na kidogo, na surua hudungwa mtoto akifika miezi tisa. Alitutazama kama watu tuliorukwa na akili. Kumbe mtoto alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 11, lakini mtambo ulipopokea faili kutoka kwenye orodha yetu ya zamani ulisoma tarehe kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukamfanya azaliwe tarehe 11 mwezi wa 4, akapata umri wa miezi saba zaidi. Waliozaliwa baada ya tarehe 12 hawakuathirika kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na ndiyo maana kosa lilijificha. Orodha ilionekana nzuri, ila ilikuwa na sumu ndani.

Niliandika malalamiko kwa Kiingereza changu cha sekondari na kuyatuma kwa watunzaji wa programu. Nilitarajia kupuuzwa. Siku ya tatu mtu nisiyemjua, aliye bara jingine, akanijibu kwa maswali matatu: toleo gani, faili ilitoka wapi, naweza kumtumia mfano usio na majina ya wagonjwa? Nilimjibu. Baada ya wiki mbili akanitumia rekebisho nilijaribu. Halikufanya kazi mara ya kwanza. La pili likafanya. Toleo lililofuata lilipotoka, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliochangia. Sitaficha, nililionyesha kila aliyeketi baraza ya kahawa mtaani kwetu, na hakuna aliyeelewa ninafurahia nini.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kazi ambazo hakuna anayezisifu: kusoma malalamiko ya wengine na kuona kama ni ya kweli, kujaribu toleo jipya kwenye kompyuta kuukuu kabla halijafika vituoni, kumjibu mgeni anayeuliza swali lililoulizwa mara 40, na kutafsiri.

Tafsiri pekee ingetosha makala nzima. Tuliwahi kubishana wiki nzima juu ya neno moja, la kumwita mgonjwa aliyepitisha tarehe ya kurudi kliniki. Mwenzetu wa Tanzania akasema kwao rejista husema "mtoro". Mimi nikapinga. Skrini ile mgonjwa huiona akiwa ameketi mbele ya muuguzi, na mtu aliyekosa nauli akisoma kwamba yeye ni mtoro, siku nyingine hatarudi kabisa. Tukakubaliana kuandika "aliyekosa kurudi". Hakuna mhandisi wa California ambaye angelijua hilo. Linajuliwa na mtu aliyekaa kliniki.

Hii ndiyo faida ya mchangiaji wa muda mrefu. Anakumbuka kwa nini mlango fulani uliwekwa mahali fulani. Msimbo hueleza mtambo unafanya nini, mara chache sana hueleza kwa nini. Sababu hizo zimo vichwani mwa watu, na watu hao wakiondoka zinaondoka nao.

Dunia ilipata somo hilo kwa kishindo mwaka 2024. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kubana faili ziwe ndogo. Imo karibu katika kila kompyuta ya Linux, zikiwemo seva zinazobeba benki na serikali. Kwa miaka mingi iliangaliwa hasa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, mpole na mchapakazi. Mwaka 2022 sauti nyingine zikaanza kumlaumu Collin kwamba anachelewesha kazi. Collin akajibu hadharani kwamba hii ni kazi asiyolipwa na kwamba afya yake imempunguzia nguvu. Taratibu Jia Tan akapewa funguo. Februari na Machi 2024 akatoa matoleo mawili yenye mlango wa nyuma uliofichwa kwa ustadi, ambao ungemruhusu mwenye siri kuingia katika seva za watu.

Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, ambaye ni mchangiaji wa siku nyingi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, akakataa kupuuza, akachimba hadi akafika kwenye mzizi, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Yangekawia kugunduliwa, yangesambaa kila mahali.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mtu mmoja aliyechoka ni ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. La pili ni chungu zaidi kwetu tunaojisifu kwa uvumilivu: hata Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili. Muda peke yake si uaminifu. Kinachotulinda ni watu wengi wanaofahamiana, wanaokaguana kazi, na ambao kuna njia ya kuwapata na kuwauliza.

Ufa wa namna hiyo haukuwa mgeni. Aprili 2014 kulitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ndipo watu wakajua kwamba kikundi kilichoitunza kilikuwa kikipata kiasi cha dola 2,000 tu kwa mwaka za michango, na kikiwa na mtu mmoja wa kazi ya kudumu. Matajiri wa dunia walikuwa wakiteka maji kisimani na hakuna aliyenunua kamba.

Najua kuna atakayesema: basi tuachane na programu huria, tununue mfumo wa kampuni yenye ofisi na simu ya huduma. Wahenga nao walisema rahisi ghali. Hoja hiyo ina uzito, lakini tazama yaliyotupata kama taifa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliyojadiliwa Machi 2025, ilisema kwamba mfumo wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8, unaobeba bima mpya ya SHA, ulinunuliwa kinyume cha utaratibu, na kwamba serikali haina umiliki wala udhibiti wake. Yaani mlipa ushuru wa Likoni na wa Hola anagharamia nyumba ambayo hati yake iko mkononi mwa mwingine. Mfumo wa namna hiyo ukikwama, huna ruhusa hata ya kufungua kuona kilichoharibika. Muuguzi wangu wa Januari angebaki anangoja simu ipokelewe.

Lakini sitawadanganya kwamba msimbo kuwa wazi unatosha. Nimeona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilileta kampuni ambayo ilichukua programu huria tuliyokuwa tukiitumia, ikaongeza ripoti kadhaa ambazo mfadhili alizitaka, na haikurudisha mabadiliko hayo kwa watunzaji wakuu. Tuliwaambia. Tukajibiwa kwamba hilo halimo kwenye mkataba. Mkataba ulipoisha, kampuni ikaondoka. Toleo jipya la programu lilipokuja na marekebisho ya usalama, vituo vile havikuweza kulipokea kwa sababu vingepoteza ripoti. Vikabaki na toleo la zamani, kama mashua iliyoongezwa ubao na fundi mpita njia ambaye hakuukalafati. Msimbo ulikuwa wazi, na bado tulikuwa tumefungwa.

Hapo ndipo kaunti zinapoingia. Katiba ya mwaka 2010 iliweka sehemu kubwa ya huduma za afya mikononi mwa kaunti. Zahanati ni za kaunti. Wauguzi ni wa kaunti. Rekodi za wagonjwa wanaotibiwa humo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kituo kikipoteza rekodi hizo hakiwezi kumwambia mgonjwa aende amuulize mfadhili. Ila katika vikao vya bajeti nilivyohudhuria, nimesikia fedha za kununua kompyuta, za kuzindua kompyuta, na za kukata utepe. Sijasikia za kumlipa mtu wa kutunza kilichomo ndani.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni.

Kwanza, kila kaunti ya Pwani iajiri watu wawili au watatu wenye kazi ya kudumu ya kutunza programu huria zinazotumika hospitalini, na iandikwe katika mkataba wao kwamba sehemu ya wiki yao ni ya kuchangia kwa watunzaji wakuu. Kaunti sita zikishirikiana, hicho ni kikosi cha watu zaidi ya kumi wanaojuana. Wenzetu wameshaona umuhimu huu. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa umma uitwao Sovereign Tech Fund wa kulipia utunzaji wa programu huria ambazo nchi inazitegemea, na mwaka 2023 mfuko huo uliipa GNOME euro milioni 1. Wajerumani hawakufanya hivyo kwa huruma. Walipiga hesabu ya hasara.

Pili, mkataba wowote wa mfadhili au kampuni useme wazi kwamba mabadiliko yote yatarudishwa kwa watunzaji wakuu kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Kifungu kimoja tu. Kingekuwapo, zile ripoti zetu zisingepotea.

Tatu, wanafunzi wetu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Kila mwaka vijana wanaosomea kompyuta hutafuta nafasi za mafunzo ya kazini, na wengi huishia kufanya nakala za karatasi ofisini. Waelekezwe kwenye programu hizi. Kijana akirekebisha hitilafu moja iliyokubaliwa, kazi yake inaonekana na mwajiri yeyote duniani, na kituo cha afya kilicho jirani yake kinapata mtu wa kumpigia simu.

Nisieleweke kwamba nawaambia vijana wafanye kazi ya bure hadi wazeeke. Nimeifanya na najua gharama yake. Bando ni zangu, usiku ni wangu, na mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kama wale watu wa kwenye kompyuta watakuja kutulipia karo. Sina jibu zuri. Najua watu wazuri walioacha si kwa kuchoka na kazi bali kwa kukosa nauli. Jamii ya programu huria hupenda kusema milango iko wazi kwa wote, lakini mlango wazi haumsaidii asiye na kiatu cha kufika. Aliyeajiriwa Ulaya na kampuni inayomlipa achangie, na kijana wa Msambweni anayechangia kwa simu yenye kioo kilichopasuka, hawako katika mbio moja. Ndiyo maana nasema kaunti ilipe. Hiari ni mwanzo mzuri, ila zahanati haiwezi kuendeshwa miaka 20 kwa hiari ya mtu mmoja.

Wiki mbili baada ya simu ile nilikwenda kituoni. Karani mmoja kati ya wale vijana alikuwa amerudi, bila mshahara, akisema hawezi kuona daftari zimerundikana. Niliketi naye, nikamwonyesha jinsi ya kupanga mashine ifute nakala za zamani yenyewe, kisha nikamwomba aandike hatua zile kwa Kiswahili chake mwenyewe. Aliandika ukurasa mmoja. Nikamwambia tuutume kwa watunzaji.

"Watausoma kweli, kaka?" akauliza.

Uliwekwa kwenye maelezo ya programu mwezi uliofuata, jina lake likiwa chini yake. Sasa tupo wawili. Msimu wa bajeti ukifika na kaunti ikituita kutoa maoni, tumeafikiana kwenda sote, tukiwa na ukurasa ule mkononi, tuulize ni nani ameandikiwa kazi ya kutunza mitambo yetu na analipwa kutoka fungu gani.